Istilahi za Mchezo Dhima na Mzigo wa Mtunzi wa Ridhaa

Utangulizi

Waundaji wa istilahi za Kiswahili wameshughulikia zaidi sheria, utawala, elimu, tiba na ufundi. Michezo iliachwa ijitafutie maneno yake yenyewe, na kwa upande wa mpira wa miguu hapakuwa na hasara. Watangazaji wa redio na mashabiki walijitosheleza kwa "kipa", "refa", "kona" na "penalti", na baadhi ya maneno hayo yakaishi kwa amani pamoja na "mlinda mlango" na "mwamuzi". Katika makala hii twataka kuchunguza mchezo wa namna nyingine, usio na uwanja wala mtangazaji, ambao umejengwa kwa maneno.

Katika mchezo huo watu wachache huketi pamoja. Mmoja husimulia mahali na hali. Wengine hushika kila mmoja nafsi ya mtu wa kubuniwa na kusema atendalo mtu huyo. Kisha kanuni zilizoandikwa, pamoja na dadu, huamua kama tendo limefaulu. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa na kuuzwa, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Chapa ya kwanza ilikuwa nakala 1,000 tu, zilizopangwa kwa mkono nyumbani. Baadaye namna hiyo iliingia pia katika kompyuta. Hata leo michezo mingi ya aina hii hutungwa na watu binafsi baada ya saa za kazi, bila kampuni nyuma yao.

Mtunzi wa namna hiyo anayetaka kutumia Kiswahili ana mzigo mmoja zaidi ya wenzake: kabla ya kutunga kanuni hana budi kutunga istilahi. Tutapima hapa istilahi chache zilizopo. Maoni yetu ni kwamba zimekosewa kwa kuwa zimetafsiriwa moja kwa moja kutoka Kiingereza, ilhali zingeweza kuchukuliwa katika michezo na fasihi tuliyo nayo.

1. Kipimo chetu

Istilahi haipimwi bila kumtaja mtumiaji. Tumchukue kijana wa Nyakasimbi, kata iliyomo katika Wilaya ya Karagwe, Mkoa wa Kagera, jirani na Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kijana wa huko aghalabu huzungumza Kinyambo nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari kwa Kiingereza. Akitaka kutunga mchezo hakosi kisa. Ana dola ya Karagwe na makao yake ya Bweranyange, ana habari za Mukama Rumanyika aliyempokea Speke mwaka 1861, ana masimulizi ya Bachwezi, na ana tendi zinazoimbwa kwa enanga. Anachokosa ni maneno ya kuandikia kanuni.

Upungufu huo si mdogo. Hadithi hustahimili utata, na pengine hunufaika nao. Kanuni haistahimili. Neno moja likiwa na maana mbili, wachezaji watagombana mezani, naye mtunzi hayupo kuwaamua. Kwa hiyo swali letu kwa kila istilahi ni hili: je, watu wanne wakiitamka mezani Nyakasimbi, wote wataelewa jambo moja?

2. Jina la mchezo

Tafsiri inayokuja haraka ni "mchezo wa kuigiza". Jina hilo limekwisha kuwa na mwenyewe. Kwa msikilizaji wa redio na kwa mwalimu wa fasihi, mchezo wa kuigiza ni tamthilia: una maneno yaliyoandikwa, una waigizaji, una watazamaji. Mchezo tunaouzungumzia hauna hata kimoja katika hivyo vitatu. Neno "mchezo" limebeba tangu zamani maana ya burudani yenye ushindani na maana ya drama pia, na hapa ndipo maana hizo mbili zinapogongana.

Wengine husema "mchezo wa kucheza jukumu" au "wa kucheza nafasi". Usemi wa kwanza ni Kiingereza kilichovishwa kanzu, kwani kwa Kiswahili jukumu hubebwa au hutekelezwa. Usemi wa pili ni Kiswahili safi, lakini ni wa mpira: anayecheza nafasi ni beki au winga.

La kushangaza ni kwamba walimu wetu wamekuwa na jibu kwa miaka mingi. Katika mbinu za kufundishia wanatumia "igizo dhima", ambapo mwanafunzi hupewa nafsi ya mtu fulani na kutenda kwa kadiri ya nafsi hiyo pasipo maneno ya kukariri. Hilo ndilo tendo lenyewe. Kutokana na mfano huo twaweza kusema "mchezo dhima", wingi "michezo dhima". Yupo atakayesema kwamba dhima yaelemea kwenye wajibu. Ni kweli, lakini hailetei kanuni utata wowote, kwa sababu anayeshika nafsi ya mtu hushika na wajibu wake.

3. Jina la mtunzi

Hapa kosa lina madhara makubwa zaidi. Katika vitabu vya shule vya Kenya, "uraibu" hutumika kwa maana ya jambo ambalo mtu hupenda kulifanya wakati wa mapumziko. Nchini Tanzania neno hilo husikika zaidi pamoja na dawa za kulevya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitisha orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika mwaka 2022, ambamo umo ugonjwa wa kushindwa kujizuia na michezo ya kompyuta. Basi tukimwita kijana wetu "mraibu wa michezo", mzazi atakayesikia atamfikiria mgonjwa, na mwalimu atamwita ofisini. Istilahi itakuwa imemhukumu mtu kabla hajaandika ukurasa wa kwanza.

Michezo ya viwanjani inalo neno lililo bora. Twasema "soka la ridhaa" na "ndondi za ridhaa" kwa wanaocheza kwa kupenda, bila ujira. Mtunzi wa mchezo asiyelipwa ni "mtunzi wa ridhaa", na neno hilo litaeleweka Nyakasimbi bila maelezo.

Yafaa tumtenge mtunzi wa ridhaa na "mtunzi wa kujitegemea". Ridhaa hutaja malipo. Kujitegemea hutaja nani mwenye amri juu ya kazi. Mfano mzuri watoka Kameruni. Olivier Madiba alianza kuutunga mchezo dhima wa kompyuta uitwao Aurion mwaka 2003, akiwa mtu wa ridhaa. Mchezo ulitoka mwaka 2016, wakati huo akiwa na kampuni yake, Kiro'o Games, mjini Yaoundé. Katika miaka hiyo 13 aliacha kuwa mtunzi wa ridhaa, lakini aliendelea kuwa mtunzi wa kujitegemea. Mfasiri anayetumia neno moja kwa hali zote mbili hawezi kuieleza habari hiyo. Yafaa tuongeze kwamba Aurion, wenye visa vya Kiafrika, ulitolewa kwa Kifaransa na Kiingereza. Mtunzi aliye peke yake huandika kwa lugha ambayo istilahi zake zimekwisha kuwa tayari.

4. Ngazi, kiwango au daraja?

Mhusika katika mchezo dhima hukusanya uzoefu na kupanda. Wafasiri wamegawanyika kati ya "ngazi", "kiwango" na "daraja". Sisi twapendelea "daraja". Hakuna mtumishi wa umma asiyejua maana ya kupanda daraja, wala asiyejua kwamba hupandwa moja baada ya jingine, kwa masharti. Tatizo ni kwamba daraja ni pia la kuvukia mto. Katika mchezo unaohusu Kagera, ambako daraja la Kyaka lilivunjwa katika vita mwaka 1978, sentensi "shujaa amepanda daraja" yaweza kusomwa kwa namna mbili. Dawa ni kuweka neno la kuvukia katika kirai kamili, yaani "daraja la mto", na kuliacha "daraja" pekee kwa cheo.

Kiingereza chenyewe hakikuepuka mtego huu. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 Gygax alieleza kwamba neno moja lilikuwa likitumika kwa cheo cha mhusika, kwa nguvu ya uganga, kwa ukali wa viumbe na kwa tabaka za mapango. Na kwamba alikuwa amefikiria kuyatenga, akaliacha kwa kuwa lilikwisha kuzoeleka. Kiswahili hakijafika hapo. Twaweza kusema daraja la mhusika, nguvu ya uganga, ukali wa kiumbe na ghorofa ya pango. Mwenye kuchelewa ana nafasi hii ya kuliepuka kosa la aliyetangulia.

5. Hazina iliyo jirani

Istilahi nyingi za mchezo ule wa mwaka 1974 hazikubuniwa upya. Zilitoka katika michezo ya vita ya mezani ambayo watunzi wake walikuwa wakiicheza. Watunzi wetu nao wana bao. Lugha ya bao inayo "zamu", inayo "kula", inayo "kulala" kwa mchezaji ambaye mwendo wake umekoma. Na hugawa mchezo katika "namu" na "mtaji", vipindi viwili vyenye kanuni tofauti. Msamiati huo umekwisha kupimwa mezani kwa vizazi vingi.

Kwa anayesimulia, "mtambaji" ni bora kuliko "bwana wa mchezo". M. M. Mulokozi, alipoainisha tanzu za fasihi simulizi katika jarida la Mulika mwaka 1989, aliyaweka masimulizi na maigizo kuwa tanzu mbili mbalimbali. Mchezo dhima umesimama mpakani mwa hizo mbili: mtambaji huanza, lakini hadhira nayo hugeuka fanani.

Pale Kiswahili kinapopungukiwa, lugha za jirani zipo. Neno "ngeli", ambalo kila mwalimu wa sarufi hulitamka, limetoka Kihaya. Mwaka 2002 Mradi wa Lugha za Tanzania ulichapisha msamiati wa Kinyambo, kwa hiyo mtunzi wa Nyakasimbi ana pa kuanzia. Achukue neno la nyumbani mahali lilipo pengo, asilichukue kuwa pambo. Hata vifaa vyaweza kutoka jirani. Asiyepata dadu aweza kurusha buni tano na kuhesabu zilizolalia ubapa.

Hitimisho

Tunajua baadhi ya wasomaji watauliza kama michezo yastahili kurasa hizi. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania. Anayeandika kanuni ya mchezo hushughulika na maneno yale yale ya mwandishi wa sheria: "lazima", "aweza", "endapo", "isipokuwa". Kijana aliyejifunza kuyatenga kwa usahihi katika mchezo wake atayatenga hivyo hivyo ofisini.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, "mchezo dhima", "mtunzi wa ridhaa", "mtunzi wa kujitegemea", "mtambaji" na "daraja" zijadiliwe na kusanifiwa. Pili, msamiati wa bao ukusanywe kamili, pamoja na maana za kila istilahi, ili watunzi waufikie. Tatu, watunzi waombwe kuleta orodha za maneno waliyoyatumia, pamoja na habari za mahali ambapo wachezaji walikwama. Orodha hizo zitawafaa waundaji wa istilahi, kwa sababu maneno yake yatakuwa yamekwisha kutamkwa na kugombewa mezani.