Mapping Fate: kujua au kutojua?

Kitabu cha Alice Wexler, Mapping Fate, kilitoka mwaka 1995, na ni rahisi kukiweka kwenye rafu ya sayansi na kukisahau huko. Ingekuwa hasara. Mwandishi ni mwanahistoria, na alichoandika ni kumbukumbu za nyumba moja ya Marekani iliyoishi na siri. Ukipenda hadithi za familia, hiki ni chako.

Siri yenyewe ni ugonjwa wa Huntington. Mzazi mmoja akiwa na jeni yake, kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Dalili mara nyingi huanza kati ya miaka 30 na 50: viungo vinajichezea vyenyewe, hasira zisizo na sababu, akili inafifia, na hatimaye hata kumeza kunakuwa kazi. Yaani mtu anaweza kuwa ameshazaa watoto kabla hajajua amewarithisha nini.

Mwaka 1968, huko Los Angeles, askari alimkemea Leonore, mama yake Alice, akidhani amelewa. Kumbe ni ugonjwa. Baba yake Leonore aliufia, kaka zake watatu wakaupata, na yeye aliwahi kuambiwa kwamba unawashika wanaume tu. Tena huyu ni mwanamke aliyesomea zoolojia hadi shahada ya uzamili! Ndipo Alice na mdogo wake, Nancy, wakaambiwa ukweli, wote wakiwa watu wazima.

Nguvu ya kitabu iko hapa. Alice hamhukumu mama yake wala hamtetei. Anarudi kwenye ukimya wa nyumbani, ule unyonge wa mama ambao watoto waliuzoea, na kuuliza ni kiasi gani kilikuwa ugonjwa na kiasi gani kilikuwa hofu ya ugonjwa. Hapati jibu, na hajifanyi kulipata. Huku kwetu pia tunazijua nyumba ambazo mambo ya ukoo husemwa mlango ukiwa umefungwa, na mtoto anayeuliza huambiwa akacheze nje. Msomaji wa hapa hahitaji kutafsiriwa sura hizo.

Sehemu ya pili ni mbio za kuitafuta jeni. Baba yao, Milton, alianzisha taasisi ya kuchangisha fedha na kuwakutanisha wanasayansi. Nancy, kuanzia mwaka 1979, aliongoza safari za utafiti katika vijiji vya Ziwa Maracaibo, Venezuela, ambako wagonjwa walikuwa wengi kupita kawaida. Damu yao ilisaidia kuonyesha, mwaka 1983, kwamba jeni iko kwenye kromosomu ya 4. Ilipopatikana mwaka 1993, kosa likawa dogo la kushangaza: herufi tatu za DNA, CAG, zinazojirudia kupita kiasi. Zikifika mara 40 au zaidi, ugonjwa karibu hauepukiki.

Hapa nina ugomvi na kitabu. Majina ya maabara na maprofesa yanarundikana hadi unachoka. Kibaya zaidi, nikimaliza kusoma namkumbuka kila Wexler, lakini familia za Maracaibo nazikumbuka kama umati. Waliotoa damu ndio waliowezesha ugunduzi, nao wanabaki kuonekana kwa macho ya mgeni. Mwanahistoria angeweza kuwapa nafasi zaidi.

Hata hivyo, swali kubwa la kitabu halijachakaa. Kipimo kilipopatikana, ndugu hawa wawili waliohangaika kukitafuta walisita. Ukijua kwamba unao na dawa hakuna, utafanyia nini habari hiyo? Ukikuta umesalimika, utamtazamaje ndugu yako? Kurasa hizo ndizo bora kuliko zote. Zinauma zaidi leo, kwa sababu mwaka 2020 Nancy alitangaza hadharani kwamba ana ugonjwa huo.

Linganisha na Saturday ya Ian McEwan (2005). Humo daktari wa upasuaji anamtambua Baxter, kijana wa mtaani London, kuwa na Huntington, na anautumia utambuzi huo kukwepa kipigo. Ni riwaya iliyosukwa vizuri, ila Baxter tunamwona kwa macho ya daktari tu. Alice anatupa upande wa pili: mtu anayejitazama mikono kila asubuhi kama inatetemeka.

Na tiba je? Mwaka 2021 kampuni ya Roche ilisitisha dozi katika jaribio kubwa la dawa ya tominersen. Septemba 2025 uniQure ilitangaza kuwa tiba yake ya jeni, inayoingizwa ubongoni kwa upasuaji, ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 75 katika miaka 3, kwa kundi dogo la wagonjwa waliopewa dozi kubwa. Ikithibitika, swali la Alice litabadilika, maana kujua kutakuwa na faida nyingine. Mpaka hapo, kisome kitabu hiki kama kilivyo. Ukichoka na maabara, ruka kurasa kadhaa, lakini usiruke zile za mama.