Sori ya Nani?

Hapa Busiu, kwenye barabara ya Mbale kwenda Tororo, ukijikwaa tu pale steji, wamama wanaouza nyanya wote watakuambia, "Sori, sori!" Juzi aliyejikwaa alikuwa mgeni kutoka Ulaya, mfanyakazi wa misaada. Akawajibu kwamba si kosa lao. Wakatazamana. Nani kasema ni kosa lao?

Ikabidi nieleze. Sori ya mgeni ni samahani, ya wamama ni pole. Waganda nao wanayo mawili kama sisi: bambi ya kuhurumia, nsonyiwa ya kuomba msamaha. Na wamama hawakukosea Kiingereza. Hata Mwingereza akienda msibani anasema sori, na si yeye aliyeua. Tena kwa asili neno hilo lina shina moja na neno lao la kidonda, kwa hiyo maumivu yalitangulia, kosa likaja baadaye. Mwaka 2014 Bernard Sabiti alitoa kamusi ya Kiingereza cha Uganda, Uglish, na wengi tunataja maneno ya aina hiyo ili tucheke. Kwa hili sioni cha kucheka.

Ofisini ndipo sori inaponikera.

Shirika moja, silitaji, lilisimamisha karo za vijana wetu katikati ya muhula. Ofisa akasimama mbele ya wazazi, akaanza na sori. Mimi ndiye mkalimani. Nilikuwa na sekunde moja hivi. Nikisema samahani, maana yake wamefanya jambo na wanadaiwa maelezo. Nikisema pole, basi ni kama nyumba imeezuliwa na upepo, hakuna wa kuulizwa. Nikasema, "Wanawapa pole."

Mama mmoja mzee, mtu wa Uvira, akauliza, "Mwanangu, ni mvua ndiyo imekata hizo karo?"

Watu wakacheka kidogo, cheko la uchungu. Ofisa akaniuliza mama amesema nini. Nikamwambia anashukuru. Hiyo ilikuwa tafsiri mbaya kuliko ile ya kwanza, na bado inaniuma.

Simwiti ofisa yule mwongo. Uamuzi ulifanywa mbali, yeye alitumwa tu kuuleta, na sori ilimfaa juu haikumlazimu kuchagua. Lakini kuchagua hakukuisha, kuliniangukia mimi, kijana wa watu niliyemaliza sekondari tu. Nyinyi mnaokuja kambini na karatasi za matangazo, mjue kwamba Kiswahili hakina neno la kujifichia hapo. Mkalimani wenu atawachagulia, na pengine atawaonea haya kama nilivyofanya mimi.

Siku hizi kabla ya mkutano namuuliza ofisa: sori ipi? Wawili wamenikasirikia. Mmoja alinyamaza, akaangalia karatasi yake, kisha akasema, "Samahani. Sema samahani."