Mkunjo Usiopitisha Mwanga

Fundi huanza na ukucha. Kabla ya mkasi na nyundo, hulipiga bati mara moja kwa ukucha wa kidole cha kati, akainamisha kichwa kidogo, kisha akasema, "Hii ni thati." Maana yake geji 30. Bati la geji 28 lina sauti nzito zaidi, kwani kwenye mabati namba ikishuka unene hupanda. Asubuhi moja nilimwona akiyapima hivyo mabati ya wauzaji watatu, na mara zote tatu akapatia. Macho yangu hayajaweza kuiona tofauti hiyo. Masikio yameanza kuisikia, na siku yalipoisikia kwa mara ya kwanza nilirudi nyumbani nikigongagonga kila kitu njiani: lango la jirani, mtungi wa maji, paa la kibanda cha mboga.

Nilihamia mtaa wa Shauri Moyo, Nairobi, mwezi wa pili, baada ya kazi ya ofisini niliyoifanya kwa miaka 14 kwisha. Vitu vyangu vyote vilitosha kwenye mkokoteni mmoja. Mtaa wenyewe ulizaliwa kwa kuhama. Mwishoni mwa miaka ya 1930 watu wa Pangani walibomolewa nyumba zao wakaletwa huku, na usiku wa kwanza, nikiwa nimelala katikati ya maboksi, niliwafikiria sana wale waliofika na magodoro mabegani. Kutoka mlangoni kwangu hadi Kamukunji, soko la mafundi wa bati, ni mwendo wa kama robo saa. Nyundo hukupokea kabla hujamwona mtu.

Wiki za mwanzo nilisikia kelele tupu. Siku hizi nikikaribia najua kinachotengenezwa. Kishindo kifupi, kikavu, ni tindo linapasua pipa kuukuu. Mlio mrefu kama wa kengele ni karai linatiwa tumbo. Na ile sauti ya haraka haraka, nyepesi, kama mvua inayoanza juu ya paa, ni mkunjo unafungwa.

Mkunjo ndio ulionivuta nikasimama mbele ya kibanda cha fundi siku tatu mfululizo, mpaka siku ya nne akanisogezea kigoda. Sanduku la bati ambalo mtoto huenda nalo bweni, lile lenye kufuli na jina lililopakwa rangi nyeupe, kuta zake hazikuunganishwa kwa gundi wala moto. Ukingo mmoja wa bati umekunjwa kwenda juu, upana usiozidi ncha ya kidole cha mwisho. Ukingo wa pili umekunjwa kwenda chini. Kingo hizo zikaingizwa mmoja ndani ya mwingine kama vidole vya watu wawili wanaosalimiana kwa kushikana ncha, kisha zikalazwa kwa nyundo. Basi. Mtoto atalikalia hilo sanduku, atalisimamia, wenzake watalirusha juu ya basi, na mshono hautaachia.

Kuueleza ni rahisi. Mkononi ni jambo lingine. Ukipiga kwa nguvu mno, bati hutanuka, ukingo ukapinda kama jani la mgomba. Ukipiga kwa woga, ndani kunabaki nafasi. Fundi hapigi kwa nguvu wala kwa woga. Huiachia nyundo ianguke kwa uzito wake, na mkono wa kushoto ndio unaofanya kazi, ukilisogeza bati kidogo baada ya kila pigo. Nilichukua wiki mbili kugundua hivyo, kwa sababu nilikuwa nikiutazama mkono wa kulia. Mkono wa kushoto haupumziki. Unasogeza, unahisi, unarudisha nyuma ukihisi kasoro. Kidole gumba kimeota sugu yenye mng'aro kama ganda la korosho.

Chini ya bati kuna kipande cha reli, urefu wa mkono, mgongo wake umelainika kwa miaka ya kupigiwa juu yake. Utakiona kipande kama hicho kwenye vibanda vingi hapa. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na jiko la bati la makaa lenyewe linahusishwa na mafundi wa Kihindi waliokuja kuijenga. Nimependa kulifikiria hilo nikiwa nimeinama: jiko na fuawe vilishuka kutoka njia moja ya chuma, vikakutana tena Kamukunji mikononi mwa watu wengine kabisa.

Watu hao walifanya kazi juani kwa miaka mingi, ndiyo maana wakaitwa jua kali. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliifanya dunia nzima izungumzie kazi za aina hii, na mwaka 1985 Rais Moi alikuja mwenyewe hapa, vibanda vikafuata. Fundi wangu alikuwepo kabla ya paa. Nilipomuuliza kuhusu siku hizo alisema jambo moja tu, kwamba adhuhuri bati lilikuwa linachoma, kwa hiyo mikunjo mirefu ilifungwa alfajiri. Hata sasa, chini ya kivuli, hufunga mikunjo mirefu alfajiri.

Kazi anayonipa mimi ni viuno vya majiko. Jiko tulilolizoea mitaani, lenye kauri ndani, lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazo lake likitoka kwenye jiko la ndoo la Thailand. Halikukaa kama lilivyokuja. Hapa limebanwa katikati na kupanuliwa chini, kauri ikawekwa nusu ya juu peke yake. Mtu anayesonga ugali husukuma sufuria kwa mabega yote mawili, na jiko lisilo na kitako kipana litapinduka. Kwa hiyo kiuno kile chembamba, ambacho mpita njia anaweza kudhani ni urembo, ni mahali ambapo mapande mawili ya bati hukutana kinyumenyume, na lazima mkunjo wake uzunguke duara bila kulegea popote. Mimi naona hakuna kitu kizuri zaidi katika soko lote hili.

Anayenirekebisha mara nyingi ni kijana wa miaka kama 20 anayekaa kigoda cha pili. Kwa umri mimi ni baba yake, kwa kazi yeye ni mkubwa wangu, na ameupata mlango mzuri wa kupitia hapo katikati. "Mzae, lete nikuonyeshe kitu," husema, kisha hunichukua nyundo mkononi kwa heshima yote, kama anayempokea mgeni mzigo. Saa nne hupita mama wa chai na chupa zake na ndoo ya mandazi. Nyundo hazinyamazi zote, lakini upande wetu hunyamaza, na hapo ndipo ninapojua kwamba mikono yangu inatetemeka. Nimelipenda hata hilo tetemeko, na kikombe cha moto kinavyolituliza. Jioni, nikikata kupitia soko la Burma, moshi wa nyama ukiwa umetanda, vidole vinanuka chuma hata baada ya sabuni.

Kipimo cha fundi ni kimoja. Hukiinua kiuno kuelekea juani, akatia jicho ndani, akakizungusha pole pole. Mwanga ukipita hata kwa tundu la sindano, hukurudishia bila neno. Vyangu vilirudi vyote mwezi wa tatu. Mwezi wa nne vilirudi vingi. Kila kimoja nilikifungua, nikakitazama kilipoachia, na mara nyingi ilikuwa palepale, mwisho wa duara, ambapo mkono hudhani umemaliza. Nilianza kupunguza mwendo hapo. Mapigo matano ya mwisho nikayafanya kumi.

Alhamisi moja alikiinua nilichompa, akakizungusha mara moja, akakizungusha tena. Akapitisha kile kidole gumba chenye sugu kwenye mshono mzima. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kukipokea. Hakunirudishia. Alikitupa kwenye rundo pamoja na vyake, akachukua bati lingine, akaligonga kwa ukucha.

Ijumaa nilifika mapema kuliko wote ili nikitazame tena. Nilivitoa kimoja kimoja, nikaviinua kuelekea mwanga wa asubuhi, nikavirudisha. Sikukitambua.