Kichanganuzi au Skana?

Istilahi "kichanganuzi bapa" haituridhishi. Kuchanganua ni kupambanua sehemu za jambo. Mashine hii hunakili kwa mwanga tu. Tena jina halibainishi aina. Mwenye negativi za zamani pale Sikonge, akiagiza kwa jina hilo kutoka Tabora, yamkini ataletewa mashine ya karatasi, ambayo mwanga wake hutoka chini na kuakisiwa chini. Negativi yahitaji mwanga uipenyao, yaani taa kifunikoni. Na filamu za asetati, zikianza kunuka siki, zimekwisha kuanza kuoza. Hazingoji mashine ya pili. Twapendekeza "skana bapa ya karatasi" na "skana bapa ya filamu". Neno skana wauzaji wanalo tayari, nasi hatuoni aibu kulipokea.