Jiwe jeusi la Pangi kati ya mawe ya rangi

Wandugu, baadhi yenu mnauliza kama chumba cha madini cha Tervuren kinastahili safari. Ndiyo, kinastahili, hata kama yanayofuata hapa chini ni malalamiko kuliko sifa. Nilisimama mle saa moja nzima, na mlinzi alianza kuniangalia vibaya.

Kwa asiyejua: Tervuren ni mji mdogo pembeni ya Bruxelles. Makumbusho yake ya Afrika ya Kati yalizaliwa na maonyesho ya Leopold II ya mwaka 1897. Jumba la sasa lilifunguliwa 1910, likafungwa mwishoni mwa 2013 kwa matengenezo, likafunguliwa tena Desemba 2018. Watu wakirudi kutoka kule wanasimulia sanamu, barakoa, tembo aliyekaushwa, na ile pirogi ya mita 22 na nusu iliyochongwa na Walengola, majirani zetu. Madini wanayapita mbio, na hapo wanapoteza.

Tuanze na kinachostahili sifa. Katanga ndiyo inayotawala makabati ya namna hii, pale Tervuren na popote duniani penye mkusanyo wa mawe ya Kongo, na sababu yake inaonekana kwa macho. Malakiti ya Kolwezi ni kijani juu ya kijani, imevimba duara duara kama povu lililoganda, na ukiikata unakuta mistari kama ya gogo la mti. Kuna kalsiti iliyoshika kobalti ikageuka waridi kabisa, rangi ambayo usingeamini imetoka ardhini. Kuna kuprosklodovskiti ya Musonoi, sindano za kijani nyembamba kuliko unywele. Shinkolobwe imetoa manjano na machungwa ya urani: shepiti, kuriti, bekereliti. Jioloji yake si ngumu: shaba, kobalti na urani zilizo karibu na uso wa nchi zinakutana na maji na hewa, zinaoza polepole, na katika kuoza kwake zinazaa rangi. Ile fahari yote ya kijani ni kutu, kusema kweli.

Sasa tuje kwetu.

Jiwe letu ni kasiteriti. Ni oksidi ya bati, nyeusi au kahawia kama kahawa iliyokaangwa kupita kiasi. Kalima na Kampene, zote ndani ya teritwari ya Pangi, zimeishi juu ya jiwe hili tangu miaka ya 1930, wakati Symétain ilipofika. Mama yake ni graniti ya zamani sana, karibu miaka bilioni 1, na mishipa ya kwatzi iliyopasua miamba pembeni yake. Likiwa kristali zuri linang'aa karibu kama almasi, na mara nyingi kristali mbili zinaungana kwa pembe hadi zinafanya kitu kama mdomo wa ndege. Wabelgiji na Wafaransa wanaita umbo hilo mdomo wa bati. Sijawahi kusikia mtu wa Kalima akilitaja, na haishangazi: kule jiwe hili halitazamwi, linapimwa. Linasagwa, linaoshwa, linauzwa kwa kilo. Kristali kamili na unga vina bei moja, kwa hiyo kristali inapigwa nyundo kama wenzake.

Ukiweka jiwe hilo ndani ya kioo, jirani ya malakiti, limekwisha. Mgeni analipa jicho moja, anapita. Na hapa ndipo nina ugomvi na makumbusho ya madini kwa jumla, si ya Tervuren peke yake: yamejengwa kwa ajili ya macho tu. Uzuri wa kasiteriti uko mkononi. Chukua kipande cha kwatzi cha ukubwa wa yai la kuku, kina gramu mia na thelathini hivi. Kasiteriti ya ukubwa uleule inafika karibu gramu mia tatu na nusu. Mkono unashtuka! Unaona kitu kidogo, halafu kinakuvuta chini. Ujuzi wote wa mchimbaji wa Maniema unasimama juu ya mshtuko huo: anazungusha mchanga na maji, chepesi kinakwenda na maji, kizito kinabaki. Mtoto wa Kalima anajua jambo hili kabla hajajua kusoma. Mgeni wa Tervuren anaweza kumaliza chumba kizima asilijue, juu ya kioo.

Kuna jambo la pili, la majina. Etiketi ya jiwe, kwa desturi ya dunia nzima, ina jina la madini, fomula yake, na mahali lilipotoka. Soma majina ya mawe yetu taratibu. Senjieriti ni ya Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, yuleyule aliyewauzia Wamarekani urani ya Shinkolobwe iliyokwenda kwenye bomu la Hiroshima. Marthoziti ni ya Aimé Marthoz, mkubwa mwingine wa kampuni hiyohiyo. Korneti ni ya Jules Cornet, sharpiti ni ya Robert Sharp. Sisi wa Maniema tuna varlamofiti, udongo wa njano wenye bati uliotambulika Kalima, uliopewa jina la mhandisi Nicolas Varlamoff. Mahali penyewe pamepata heshima kidogo: kuna likasiti, kuna kipushiti, kuna kamitugaiti ya majirani wa Kivu ya Kusini. Lakini katika hawa niliowataja, mtu wa nchi aliyelitoa jiwe ardhini hayumo hata mmoja. Sidai majina yafutwe. Sengier abaki na jiwe lake, alilifanyia kazi kwa namna yake. Nadai mstari wa nne kwenye etiketi: lilichimbwa namna gani, na nani, kwa malipo gani.

Mtasema hiyo ni siasa, haina nafasi kwenye mineralojia. Haya, tazameni jumba lilelile. Katika ukumbi mmoja kuna ukuta wenye majina 1,508 ya Wabelgiji waliokufa Kongo kati ya 1876 na 1908. Msanii wetu Freddy Tsimba amewekwa akabiliane nao: majina ya Wakongomani yako kwenye vioo vya dirisha, na jua likiingia, vivuli vyake vinaanguka juu ya ukuta ule. Wamo wale saba waliofia Tervuren katika maonyesho ya 1897. Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Ni kazi bora kuliko zote nilizoona mle, na haikufuta jina la mtu. Kwa hiyo makumbusho yanajua kufanya. Kwenye madini hayajafika hapo. Iko pia sehemu ya kitendawili cha utajiri, inayouliza kwa nini nchi tajiri hivi ina watu maskini hivi, na swali ni la haki. Tatizo ni kwamba huko unapewa historia, na mbele ya kristali unapewa uzuri. Mgeni anachagua kimoja. Wengi wanachagua uzuri, na mimi siwalaumu, ile malakiti ni hatari.

Sasa kinachoniuma zaidi. Sisi Walega tulikuwa na namna yetu ya kuonyesha vitu. Ndani ya bwami, sanamu ndogo ya pembe au ya mti haikuwekwa tu mtu aitazame. Ilitolewa na mwenye haki ya kuitoa, kwa wimbo, kwa ngoma, kwa methali, na methali ikibadilika maana ya kitu nayo inabadilika. Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti kwetu miaka ya 1950, ameandika kitabu kizima kuhusu jambo hili, kilichotoka 1973. Kitu bila neno lake kilikuwa bubu. Serikali ya kikoloni ilipiga bwami marufuku mwaka 1948, miaka ileile bati la Pangi lilipokuwa likishuka kuelekea Kindu kupanda treni. Leo vitu vya bwami viko kwenye makabati ya Ulaya, na kasiteriti iko kwenye makabati ya Ulaya, vyote viwili vimenyamaza mtindo mmoja. Sijui kama mtu amewahi kuviweka pamoja. Ningependa kuona hivyo: mawe ya Pangi yakionyeshwa kwa desturi ya Pangi, mzee akilishika jiwe na kulisemea.

Kinyume chake, gunia letu lina maneno kuliko kabati. Tangu miaka ya 2010 gunia la kasiteriti linafungwa etiketi ya plastiki yenye namba, mnunuzi wa mbali apate kujua limetoka eneo gani na limepita kwa nani. Mfumo una matundu yake, kila mtu Kalima anajua. Lakini angalau unauliza jiwe limepitia mikono gani, swali ambalo kabati za Ulaya hazijajisumbua nalo.

Na sisi wenyewe? Kozi ya mineralojia niliyosoma mimi ilikuwa ubao na fotokopi. Tulichora kasiteriti, tukaandika fomula, tukafaulu mtihani. Hakuna aliyelishika darasani, wakati magunia yake yanapita barabarani. Baada ya soko la bati kuanguka London Oktoba 1985, Sominki ilikauka polepole, na Sakima ilizaliwa 1997. Katika yote hayo, sampuli zilizobaki karibu na wanafunzi ni chache mno. Kristali nzuri ziliondoka zamani, na zinazotoka leo zinapigwa nyundo kabla ya saa sita.

Hilo la mwisho linaweza kuanza kutengenezwa bila kungoja Bruxelles. Mchimbaji anauza kwa kilo. Mtu akimlipa bei hiyohiyo ya kilo, hata na kidogo juu, kabla ya nyundo, kristali inapona. Kasiteriti moja yenye mdomo, volframiti moja, kolumbo-tantaliti, kwatzi ya mshipa, mika, kipande cha ile graniti mama. Sita tu. Kabati ya fundi wa Kindu, mbao za kawaida, upande wa mbele usiwe na kioo, mkono upate kuingia.