Kigae cha Nakaloke na Taarifa Isiyosomeka

Msafiri atokaye Mbale kwenda Soroti hupita Nakaloke, kisha Kumi, karibu na majabali ya Nyero yenye duara zilizochorwa kwa rangi nyekundu. Nyero ina ulinzi wa serikali. Je, kigae kilichonakshiwa kwa kamba ya kusokotwa, kilicholala katika shamba la muhogo, kina mlinzi gani? Sheria ya 1967 ilitegemea mno tangazo la waziri, na kisichotangazwa kilikuwa kama hakipo, hadi ilipokuja sheria mpya mwaka 2023.

Uchunguzi wa akiolojia kabla ya kutengeneza barabara ya shamba ndio kinga ya kigae hicho, na hapo ndipo tuna neno. Macho ya mchunguzi hufuata mstari wa barabara, ilhali changarawe huchimbwa kilimani, mbali na mstari huo. Shimo moja laweza kumeza makazi ya kale ambayo greda lisingeyagusa.

Kasoro iliyo nzito zaidi kwetu walimu ni lugha. Taarifa huandikwa kwa Kiingereza. Mwenye shamba, asemaye Kigisu nyumbani na pengine Kiswahili sokoni, haisomi wala hajui kigae chake kimepelekwa wapi. Si kwamba maneno yamekosekana: akiolojia, kigae, tabaka, yote tunayo. Tena mfinyanzi wa kijijini angeweza kumweleza mtaalamu jinsi kamba inavyobingirishwa juu ya udongo mbichi, lau angeulizwa kwa lugha aijuayo.