Mshonaji wa Vitabu wa Namboboto

Mwalimu haanzi na gundi. Anaanza na kuhesabu. Anakiweka kitabu mezani, anabandua jalada taratibu kwa kisu butu, kisha anageuza kurasa moja moja huku akitaja namba zake kwa sauti ya chini. Kitabu chenyewe ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, nakala iliyopita mikono mingi mpaka mgongo ukaachia na kurasa zikabaki huru ndani ya jalada.

Anahesabu kwa sababu anakijua anachokishika. Humo Bwana Ali ameuawa penye mzimu, watu wanawatuhumu wazee wa kuzimuni, naye mpelelezi Bwana Msa, kiko mdomoni na rafiki yake Najum kando, anamtafuta mtu aliye hai. Riwaya ya namna hiyo haisamehe ikipungua hata karatasi moja. Neno alilolitupa mwandishi mapema, msomaji akilipita kama soga tu, ndilo litakalohitajika mwishoni. Kwa hiyo karatasi moja ilipokosekana Mwalimu hakuendelea. Aliazima nakala nyingine, akakata karatasi ya ukubwa uleule, akainakili ile iliyopotea kwa mkono, mbele na nyuma, mstari kwa mstari, akihakikisha kila mstari unaishia kwenye neno lilelile la chapa. Mwandiko wake ni ule wa ubaoni: wima, herufi zimeachana vizuri.

Baada ya hapo ndipo anakwangua gundi kuukuu iliyokauka mgongoni. Haikwangui yote kwa mkupuo. Anapitisha kisu, anapuliza vumbi, anapitisha tena. Palipochanika anabandika ukanda wa karatasi nyembamba kwa uji mzito wa unga wa muhogo, zao ambalo Busia halikosekani jikoni. Uji huo ameuchuja kwa kitambaa ili usiwe na madonge, na ameuwekea mrututu kidogo kuwafukuza mende.

Maandishi ya penseli ya wasomaji waliotangulia hayagusi. Mmoja amefafanua msamiati wa Kiunguja pembeni, mwingine amehesabu madeni. Mahali pamoja tu alichukua kifutio: mtu alikuwa ameandika jina la muuaji kwenye kurasa za mwanzo. Akafuta, akainua karatasi kwenye mwanga, akafuta tena mpaka hata alama ya ncha ya penseli haikuonekana.

Halafu kushona. Kurasa zinagongwagongwa mezani zilingane, zinabanwa kati ya mbao mbili kwenye jiliwa. Anapima kwa rula, anatia alama, anatoboa kwa maharazi, ile sindano nene ya fundi viatu, akiizungusha badala ya kuisukuma, maana karatasi ya zamani ikisukumwa hupasuka. Uzi ananunua Busia mjini, upande wetu wa Kenya, anaupaka nta ya nyuki ili usiteleze. Unaenda mbele kupitia matundu yote, unarudi nyuma kujaza nafasi zilizoachwa, fundo linafichwa ndani. Anavuta kila mshono kwa nguvu ileile. Nilimtazama sana mkono huo: haukuharakisha mshono wa mwisho.

Katika kumtazama ndipo nilipoielewa vizuri subira ya Abdulla mwenyewe. Mzaliwa huyo wa Makunduchi alikuwa mhariri wa magazeti, na kuanzia 1958 akahariri jarida la Mkulima kwa miaka kumi. Mzimu ulishinda mashindano ya hadithi ya East African Literature Bureau ya 1957 hadi 1958, ukachapishwa 1960. Kisima cha Giningi kikaja 1968, Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mwana wa Yungi Hulewa 1976, na Kosa la Bwana Msa 1984. Watu humlinganisha Bwana Msa na Sherlock Holmes, na kiko kinawapa haki. Lakini mimi naona ustadi mkubwa uko kwenye mazungumzo. Wahusika wanabishana, wanataniana, wanazunguka jambo kwa adabu ya Kiunguja, na katika kuzunguka huko ushahidi unapita mbele ya macho yetu. Mwandishi mwenye haraka angekata porojo hizo. Abdulla aliziacha, kwa sababu ndimo alimoficha kazi yake.

Mgongo unavishwa kitambaa cha marekani kilicholoweshwa uji, jalada linarudishwa, kitabu kinalala chini ya mawe hadi kesho yake. Mawe ni ya vilima vya Samia, mazito kwa chuma chake. Kwa mawe ya aina hiyo wahunzi wa zamani wa Kisamia walipata chuma cha kufulia majembe yaliyouzwa mbali kandokando ya Ziwa Viktoria.

Vitabu vingine vitano vinasubiri zamu, vimepangwa kwa mwaka wa kutoka, na huo ndio utaratibu wake wa kuviazimisha pia. Kijana mmoja alimwomba Kosa la Bwana Msa kwanza, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kizima zaidi.

"Mwanangu, utajuaje kuwa Bwana Msa amekosea," Mwalimu akamuuliza, "na hujamwona akipatia?"

Akamwandikia jina lake daftarini, wa kwanza kwenye foleni ya Mzimu.